MOTOKAA IZIMIKAYO NJIANI: JINSI YA KUUTAFUTA UGONJWA WAKE

Natuchukue mfano wa mtu mmoja akaaye Gatwekera, kimojawapo cha vijiji vya Kibera katika mji wa Nairobi. Mtu huyu ana motokaa ndogo iliyotoka Japani ikiwa imekwisha kutumika huko, naye huitumia kupeleka viazi na mboga sokoni kila alfajiri. Motokaa hiyo ndiyo iwalishayo watoto wake na kuwalipia karo. Siku moja ikaanza kutetemeka iliposimama njiani ikinguruma, na baadaye, ilipokuwa ikipanda mlima na mzigo, ikazimika kabisa. Mwenyewe akangoja robo saa, akawasha, nayo ikaenda kana kwamba haikuwa na neno lo lote. Kesho yake ikazimika tena. Keshokutwa haikuzimika.

Jirani mmoja akamwambia, "Hizo ni plagi." Akanunua plagi mpya. Wa pili akasema, "La, ni betri." Akanunua betri. Wa tatu akaapa ya kuwa ni pampu ya petroli; basi yule bwana akakopa fedha, akanunua pampu. Mwisho wa mwezi fedha zilikuwa zimekwisha, deni lilikuwa limebaki, na motokaa ilikuwa ikizimika vilevile.

Jambo hili huwapata watu wengi, wa mjini na wa mashambani pia. Motokaa iliyokufa kabisa si taabu sana kwa fundi, kwa kuwa ugonjwa wake upo mbele ya macho. Iletayo taabu ni ile izimikayo mara moja moja, na ifikapo kwa fundi huonekana nzima. Kusudi letu leo si kumfanya kila msomaji awe fundi, bali ni kumwonyesha njia ya kuutafuta ugonjwa huo kwa utaratibu, ili asitupe fedha zake kwa kubahatisha.

Injini yataka nini?

Injini ya petroli yataka mambo manne ili iende. La kwanza ni petroli. La pili ni hewa. La tatu ni cheche ya umeme ya kuichoma petroli hiyo. La nne ni mgandamizo, maana yake ni kwamba mchanganyiko wa hewa na petroli ubanwe vema ndani ya silinda kabla ya kuchomwa. Tena mambo hayo yote hayana budi kuja kwa wakati wake. Cheche ikija mapema mno au ikichelewa, ni kama mpishi atiaye chumvi chakula kikiwa kimekwisha kuliwa.

Kipimo chake ni chembamba sana. Ili petroli iungue vizuri, kwa kila gramu 1 ya petroli yatakiwa gramu 14 na kitu za hewa. Hewa ikizidi, injini hudhoofika na kutetemeka. Petroli ikizidi, injini hutoa moshi mweusi na kula mafuta bure. Tena kazi hii hufanyika kwa haraka isiyoweza kufuatwa kwa macho. Injini ya kawaida ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila silinda huwaka mara 25 kwa kila sekunde moja. Silinda moja ikikosa kuwaka mara chache tu, dereva huona gari linatetemeka. Mafundi wetu husema injini "inamisi."

Zamani petroli na hewa vilichanganywa na kabureta, na cheche ikaongozwa na pointi zilizokuwa zikifunguka na kufunga. Fundi mwenye bisibisi na sikio zuri aliweza kutengeneza yote mawili kando ya njia. Siku hizi motokaa nyingi zilizoko Kenya zina kompyuta ndogo iongozayo kazi hiyo. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza nchini motokaa iliyokwisha kutumika ambayo umri wake umepita miaka 8, na kwa hiyo karibu zote ziletwazo ni za namna hii. Kompyuta hupata habari kutoka kwa vifaa vidogo viitwavyo sensa. Sensa moja hupima hewa iingiayo, nyingine hupima joto la maji, nyingine hutazama mzunguko wa injini. Sensa ikitoa habari ya uongo, kompyuta hutoa amri mbaya, kama vile mkuu apashwavyo habari zisizo kweli na mjumbe wake.

Dawa ya kwanza ni daftari

Mgonjwa aendapo hospitali, daktari hamchomi sindano kabla ya kumwuliza maswali. Na motokaa ni vivyo hivyo. Kitu cha kwanza cha kununua si plagi wala pampu, bali ni daftari na kalamu. Kila mara motokaa izimikapo, andika mambo haya: ilikuwa saa ngapi, injini ilikuwa baridi au ya moto, ulikuwa umesimama, ukipanda mlima, au ukipunguza mwendo, mvua ilikuwa ikinyesha au hapana, petroli ilikuwa kiasi gani katika tanki, na ilichukua muda gani kabla ya kuwaka tena.

Swali moja lina thamani kuliko yote: motokaa ilizimika namna gani? Ikiwa ilikohoa, ikavutavuta, ikapungua nguvu kidogo kidogo ndipo ikafa, yaelekea petroli haifiki ya kutosha. Ikiwa ilikatika ghafula, kama mtu aliyezima taa, yaelekea umeme ndio uliokatika. Na ikiwa taa za mbele ya dereva na redio zilizimika pamoja na injini, basi usitazame plagi wala pampu. Tazama kwanza vichwa vya betri na waya zake kubwa. Mara nyingi kichwa kilicholegea au kilichofanya unga mweupe ndicho kilichomsumbua mtu kwa miezi mingi.

Dalili na maana zake

Yafaa msomaji azikumbuke dalili zifuatazo.

Motokaa itetemekayo ikiwa imesimama, lakini ikapata nafuu ukanyagapo mafuta, mara nyingi yaingiza hewa mahali pasipopasa. Mpira mwembamba wa hewa umepasuka, au gasketi imekwisha. Injini ikienda polepole, hewa hiyo ya wizi huwa nyingi kuliko hewa ya halali. Ikienda kwa kasi, haionekani sana. Sikiliza kama kuna sauti ya kufyonza. Fundi aweza kunyunyiza maji kidogo juu ya mipira hiyo, mbali na waya za umeme, injini ikinguruma. Sauti ikibadilika, tundu liko hapo. Asitumie petroli kwa kazi hiyo, kwa maana moto utawaka.

Motokaa izimikayo unapopunguza mwendo, kama vile ukifika kwenye njia panda, huenda mlango wake wa hewa umejaa masizi. Mlango huo ukisafishwa kwa dawa yake, mara nyingi motokaa hupona bila kununua kipuri cho chote.

Motokaa ipungukiwayo nguvu ikipanda mlima au ikichukua mzigo, huenda chujio lake la petroli limeziba, au pampu imechoka. Fungua swichi bila kuwasha injini, usikilize karibu na tanki. Katika motokaa nyingi pampu husikika ikivuma kwa sekunde mbili hivi. Tena wale watiao petroli kidogo kidogo, na taa ya tanki ikiwa inawaka siku zote, na wajue ya kuwa katika motokaa nyingi pampu imo ndani ya tanki, na petroli ndiyo iipozayo. Tanki likikaa karibu na ukavu, pampu huona joto na kufa mapema.

Motokaa isumbuayo wakati wa mvua au asubuhi yenye ukungu, mara nyingi ina koili au waya za plagi zilizopasuka. Fungua boneti usiku injini ikinguruma, ukae mbali kidogo. Ukiona cheche za buluu zikirukaruka nje, umempata mwizi. Lakini usiziguse waya hizo, kwa maana umeme wake ni wa maelfu ya volti.

Motokaa izimikayo ikiwa ya moto na kuwaka tena ikipoa, huenda ina kifaa cha umeme kilichoharibika ndani. Waya nyembamba iliyo ndani ya sensa au koili ikipata joto hutanuka na kuachana. Ikipoa hugusana tena. Ndiyo sababu yule bwana wa Gatwekera alingoja robo saa, na motokaa ikamdanganya kuwa imepona.

Kuyajaribu mambo kwa mpango

Fundi mzuri huanza na lisilogharimu kitu. Huvikaza vichwa vya betri. Hupima umeme: betri njema iliyopumzika huwa na volti 12.6 hivi, na injini ikinguruma yapasa kupata volti 13.8 mpaka 14.5. Zikipungua, altaneta yatazamwa. Hutazama chujio la hewa, kwa maana katika njia zetu za vumbi huziba upesi. Halafu huzitoa plagi na kuzisoma. Plagi yenye rangi ya kahawia nyepesi ni njema. Plagi nyeusi yenye masizi makavu yaonyesha petroli nyingi. Plagi nyeupe sana yaonyesha joto lililozidi au hewa iliyozidi. Plagi iliyolowa oili yaonyesha injini inayoanza kuchakaa.

Tena kuna jaribio moja la werevu lisilotaka fedha. Ikiwa silinda ya kwanza haiwaki vizuri, na kila silinda ina koili yake, zima injini, uihamishe koili ya silinda ya kwanza uiweke katika silinda ya pili, na ile ya pili uiweke katika ya kwanza. Ugonjwa ukihamia silinda ya pili, koili ndiyo mbovu. Ukibaki mahali pake, koili haina hatia, tafuta penginepo. Kwa njia hii umejua kweli kabla ya kwenda dukani.

Ipo pia mashine ndogo ya kusoma habari zilizohifadhiwa katika kompyuta ya motokaa. Nchini Marekani motokaa mpya zote zilitakiwa kuwa na tundu la namna moja la mashine hiyo tangu zile za mwaka 1996, na desturi hiyo ikaenea ulimwenguni. Mashine hutoa namba. P0300 yaonyesha silinda kukosa kuwaka. P0171 yaonyesha hewa imezidi petroli. P0335 yaonyesha sensa ya mzunguko wa injini au waya zake. Lakini angalia: namba hiyo si hukumu, ni ushahidi tu. P0171 haisemi "nunua sensa." Yasema hewa imezidi, nayo sababu yaweza kuwa mpira uliopasuka, chujio lililoziba, au pampu dhaifu. Mtu anunuaye kipuri kwa kusoma namba peke yake bado anabahatisha, ijapokuwa anabahatisha kwa mashine.

Petroli yenyewe

Pengine motokaa haina ugonjwa wo wote, bali imelishwa sumu. Kwa miaka mingi watu wasio waaminifu walichanganya mafuta ya taa na petroli ili kupata faida.  Kufikia mwaka 2018 shida hii ilikuwa kubwa hata Kenya ikaweka kodi ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, ili kuwaondolea wadanganyifu faida yao. Petroli iliyochanganywa hufanya injini igonge, itoe moshi na iwe na ugumu wa kuwaka.

Jaribu hivi. Dondosha tone moja la petroli juu ya karatasi nyeupe safi. Petroli njema hukauka upesi bila kuacha doa. Mafuta ya taa huacha alama ya mafuta. Tena tia petroli kidogo katika chupa safi ya kioo, uiache itulie. Kama ina maji, yatakaa chini. Fanya hayo nje, mbali na jiko, sigara na kila namna ya moto. Hifadhi risiti ya kila kituo, ili ugonjwa ukianza siku ile ile ulipotia petroli, ujue pa kuuliza.

Jambo jingine ni kimo cha nchi. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa. Motokaa ya zamani yenye kabureta iliyopimwa pwani, ikiletwa Nairobi, hupata petroli nyingi mno kwa hewa iliyopo, nayo huenda vibaya mpaka ipimwe upya. Motokaa yenye kompyuta hujirekebisha yenyewe, maadamu sensa zake zasema kweli.

Usalama wa watu

Motokaa izimikayo ovyo si hasara ya fedha tu, yaweza kuua. Injini ikizimika motokaa inakwenda, usukani huwa mzito na breki hupoteza msaada wake. Msaada uliobaki watosha kukanyaga mara moja au mbili tu. Basi usipigepige pedali. Kanyaga kwa nguvu mara moja bila kuachilia, uiongoze motokaa kando ya njia. Washa taa za hatari, weka vibao vya pembetatu viakisivyo mwanga, kisha uwatoe watu.

Reli ya kwenda Kisumu yapita Kibera, na wengi huivuka kila siku. Motokaa ikizimika juu ya reli, watoe watu kwanza wote, hata kama garimoshi halionekani. Wakiisha kuwa mbali, na kama njia ni nyeupe pande zote mbili, ndipo iwekwe gia huru na kusukumwa. Motokaa hununuliwa tena, mtoto hanunuliwi. Na mtu ajuaye kuwa motokaa yake huzimika, asichukue abiria ndani yake mpaka ipone.

Mwenye motokaa na fundi wake

Sasa turudi kwa yule bwana wa Gatwekera. Baada ya kuandika daftari lake kwa juma moja, alikwenda kwa fundi kijana afanyaye kazi kando ya njia huko Kawangware.

"Mzee, habari ya asubuhi," akasema fundi. "Ikizimika, huzima ghafula au hukohoa kwanza?"

"Ghafula, fundi. Na mshale wa mzunguko huanguka mara moja mpaka sifuri. Nimeandika hapa. Imezima mara tano, zote injini ikiwa ya moto."

"Na huku kutetemeka?"

"Huko ni tangu asubuhi, hata ikiwa baridi. Ukikanyaga mafuta kwapungua."

Fundi akatabasamu. "Basi, mzee, haya ni magonjwa mawili, si moja. Ndiyo maana plagi, betri na pampu hazikukusaidia."

Alisikiliza mipira ya hewa, akapata mmoja uliopasuka nyuma ya injini. Kipande kipya kikaondoa mtetemeko. Halafu akaiendesha motokaa mpaka ikazimika. Papo hapo akaitazama cheche, akaona haipo. Akaiwekea sensa ya mzunguko kitambaa kilicholowa maji baridi, akiepuka mahali palipo na moto. Baada ya dakika chache injini ikawaka. Akajua ya kuwa ndiyo. Vipuri vyote viwili havikufikia bei ya ile pampu iliyonunuliwa bure.

Mafundi wa namna hii wapo kila mtaa wa Nairobi, nao huitwa watu wa jua kali kwa kuwa hufanya kazi nje penye jua. Mwaka 1972 wajumbe wa Shirika la Kazi la Kimataifa walitoa taarifa juu ya Kenya iliyosema kazi za watu hawa zina faida kubwa kwa nchi, wala si za kudharauliwa. Wengi walijifunza kwa kushika spana pamoja na fundi mkubwa, na sasa aliyejifunza hivyo aweza kufanya mtihani wa ufundi chini ya mamlaka ya mafunzo ya kazi, NITA, akapata cheti. Lakini hata fundi aliye bora hawezi kutibu asichoambiwa. Mwenye motokaa amwambiaye fundi "gari ni bovu, tengeneza," amemfunga macho.

Kwa hiyo ukienda kwa fundi, chukua daftari lako. Mwambie dalili, usimwambie dawa. Mwulize, "Umejuaje ya kuwa kipuri hiki ndicho kibovu?" Fundi wa kweli hatakasirika, atakuonyesha. Kipuri kikitolewa, omba ukione. Ukienda kukinunua Kirinyaga Road au penginepo, nenda na kile cha zamani mkononi ili ulinganishe namba.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humwumbua. Motokaa haiyafichi maradhi yake. Huyasema kwa kukohoa, kwa kutetemeka na kwa kuzimika. Kazi yetu ni kusikiliza na kuandika, kisha kujaribu jambo moja baada ya jingine, tukianza na lisilogharimu kitu.